Kwenda sinema usiku Dar: mwongozo kamili, toka kupanga safari mpaka kufungua geti la nyumbani

Mtu akikwambia jana tulienda sinema ikawa mbaya, muulize taratibu, mara nyingi utakuta muvi yenyewe haikuwa na shida. Walikwama kwenye foleni ya Sam Nujoma, wakaingia taa zimeshazimwa wakawa wanakanyaga miguu ya watu, siti zilizobaki ni za mbele kabisa shingo juu kama wanaangalia embe mtini, mmoja kaja na blauzi nyepesi anatetemeka kwa baridi ya kiyoyozi, halafu saa sita na nusu usiku wako nje watu wanne wamesimama hawajui wanarudije Tegeta. Muvi ni masaa mawili lakini usiku wa sinema ni masaa sita, na yale manne ya pembeni ndiyo yanayoamua ulale na furaha au ulale na hasira. Kwa hiyo humu nitaongelea sana hayo ya pembeni.

Naandika nikiwa nafikiria kumbi zilizomo ndani ya maduka makubwa, kama Century Cinemax pale Mlimani City, maana ndiko wengi wetu wa Dar tunakokwenda. Ila hata ukiwa Arusha au Nairobi mengi yatakufaa.

Kwanza: panga kurudi, tiketi baadaye

Najua inaonekana kinyume lakini nifuate. Kabla hujachagua muvi, chagua saa ya kuwa nyumbani halafu rudi nyuma kwa hesabu. Chukua muvi ya saa tatu na nusu usiku. Matangazo na trela weka dakika ishirini, muvi yenyewe masaa mawili na nusu, hapo unatoka saa sita na dakika ishirini, hujaenda chooni, hujamsubiri anayetafuta simu chini ya siti, hujashuka chini. Yaani saa sita na nusu ndo unakanyaga nje. Saa hiyo pale Mwenge daladala ni za kubahatisha, na kutembea toka Mlimani City mpaka Mwenge muda huo sikushauri hata kama mko wengi.

Kama huna usafiri wako na hela ya bajaji au ya gari la apu, lile la kuita kwa simu, haijakaa vizuri, chukua muvi ya saa kumi na moja au saa moja jioni. Muvi ya saa moja yenye masaa mawili unatoka saa tatu na dakika ishirini hivi, watu bado wako barabarani, mama ntilie bado wanageuza chipsi, unarudi kwa nauli ya kawaida. Muvi ni ile ile. Mimi miaka mingi nilikuwa naona ya mwisho kabisa ndo yenye raha, siku hizi ile ya usiku mnene naichukua tu kama tuna gari la mtu au mwenzetu anakaa karibu na anatulaza.

Halafu kitu kidogo ambacho kimeharibu mipango ya watu wengi: ratiba za sinema zinaandikwa saa za kizungu. 9:00 PM ni saa tatu usiku. Ukituma picha ya ratiba kwenye grupu bila maelezo, kuna mmoja atasoma tisa atajipanga na tisa yake. Andika kwa maneno kabisa, "saa tatu USIKU, tukutane saa mbili mlangoni", na siku pia iandike kwa jina maana "kesho" iliyotumwa saa sita na robo usiku kila mtu ana kesho yake.

Pili: unaenda na nani

Hapa ni kifupi. Sinema na rafiki mmoja au wawili ni rahisi, wakifika watano tayari ni mkutano, kila mtu ana muvi yake, kuna wa kuchelewa, kuna wa kukopa. Ikifika watano mteueni mmoja awe na kauli ya mwisho, hela zitumwe kwake kwa simu mapema, siku moja kabla, asiyetuma hajanunuliwa. Sio ukali, ni kwamba yule anayenunua ndiye anayebaki na tiketi mbili mkononi za watu waliozima simu.

Mkiwa mnatoka pamoja kwa mara ya kwanza, wewe na mtu mnayependana, msianze na sinema moja kwa moja. Ndani hamuongei, mkitoka ni usiku, mnaagana hamjafahamiana. Kaeni kwanza sehemu mle, hata saa moja tu, ndo muingie, mtakuwa mmeshapata la kuongea na ile hali ya kutojua mkono uuweke wapi itapungua sana. Na muulize mapema kama anaogopa muvi za kutisha. Kuna watu wanaogopa kweli na hawasemi, anakaa masaa mawili amefumba macho kwa ajili yako.

Ukienda na watoto, angalia daraja la umri. Tanzania filamu zinapitia Bodi ya Filamu, ipo sheria yake toka mwaka 1976, na umri unaoruhusiwa unatakiwa ujulikane. Usipouona kwenye bango uliza dirishani. Katuni nazo sio zote za watoto wadogo.

Tatu: kuchagua muvi yenyewe

Trela moja inatosha, mbili usiangalie, ya pili huwa inatoa mpaka mwisho wa muvi. Angalia urefu wake, andika pembeni. Muvi za Kihindi nyingi zinafika masaa mawili na nusu mpaka matatu na zina mapumziko katikati, taa zinawashwa, watu wanatoka kununua bisi, kwa hiyo kwenye hesabu yako ya kurudi ongeza hayo mapumziko. Mimi nayapenda sana hayo mapumziko, ni dakika chache ambazo ukumbi mzima unabishana nani mwenye makosa, na mtu usiyemjua kabisa anakugeukia anakuuliza "sasa yule kaka mtu alikuwa anajua au hajui?"

Kama muvi ni ya Kiingereza na unaenda na mtu ambaye Kiingereza hakimpandi vizuri, mweleze hadithi kabla. Sio yote, mweleze nani ni nani na wanagombea nini, dakika kumi za kwenye foleni ya bisi zinatosha. Wengi wetu tumekulia vibanda umiza, kule kuna mtu anatafsiri muvi nzima, anaweka na maneno yake, hata asiyejua lugha anacheka kwa wakati. Ukumbini hakuna huyo mtu. Ukitaka wewe ndo uwe mtafsiri ndani ya giza utawaudhi watu wote wa mstari wako. Fanya kazi hiyo nje.

Na zikiletwa filamu za kwetu ukumbini, nenda. Siku ya uzinduzi watu wanavaa, wasanii wenyewe wanakuwepo, makofi yanapigwa jina la mtu likipita kwenye skrini kwa sababu mama yake kakaa mstari wa tatu. Huo usiku haufanani na mwingine wowote.

Nne: hela

Bei zinabadilika kwa hiyo sitaandika za ukumbi, ila kanuni yangu ni hii: bei ya tiketi zidisha mara mbili, hapo ndo gharama ya mtu mmoja kabla ya usafiri. Bisi na soda vinakula hela kuliko unavyofikiri. Kwa watu wawili huwa natenga elfu sitini, ikibaki ni ya kesho. Ile ya kurudi nyumbani itoe pembeni kabla hujatoka, iweke kwenye simu usiiguse, au itie mfuko mwingine kabisa. Nimeona watu wazima wanahesabu hela za bisi wanasahau hela ya bajaji. Na uliza kama ukumbi una siku ya punguzo katikati ya wiki. Siku hizo watu ni wachache na siti nzuri zipo.

Chakula cha nje kumbi nyingi hawaruhusu kuingia nacho, kwa hiyo usibebe sambusa kwenye pochi ukaanza kubishana na kijana wa mlangoni, yeye kaajiriwa tu. Kula ushibe kabla.

Tano: siti

Hapa usifanye mchezo. Ukumbi ukiugawa mafungu matatu toka skrini kwenda nyuma, siti nzuri inaanzia pale fungu la pili linapoishia, katikati. Hapo skrini yote inaingia machoni bila kugeuza shingo na sauti inakuja pande zote sawa. Nyuma kabisa ni pazuri kwa anayependa kuona kila kitu, lakini ndo wanapokaa wenye mambo yao, kwa hiyo minong'ono inakuwa mingi. Mbele kabisa labda uwe huna jinsi.

Unaenda na mtu mzee au mjamzito, au mwenyewe unajijua kibofu hakina uvumilivu? Chukua ya pembeni ya njia. Raha ya katikati haina maana kama utawainua watu nane mara tatu. Na unaponunua tiketi muulize muuzaji akuonyeshe kwenye skrini yake herufi A iko mbele au nyuma, maana kumbi zinatofautiana na hapo ndo ugomvi wa siti unapoanzia.

Ukikuta mtu kwenye siti yako, tiketi yako angalia mara ya pili kwanza, herufi na namba, na namba ya ukumbi. Halafu iname, sema kwa sauti ya chini, "samahani dada, naona namba hii ni yangu, tuangalie pamoja?" Neno "tuangalie pamoja" linapoza sana. Akiwa mzee na amekaa vizuri na kuna siti jirani, mwamkie na mwache, kaa hiyo nyingine. Akileta ubishi mwite mhudumu usibishane, watu wanataka kuangalia muvi.

Sita: cha kuvaa na cha kubeba

Dar joto, ukumbini baridi. Hili watu hawalitilii maanani mpaka liwakute. Kiyoyozi kinapiga masaa mawili na nusu na wewe umekaa hutikisiki. Beba kitenge, mtandio, sweta jepesi, chochote. Dada zangu wengi wana kitenge kwenye mkoba na kinafunika magoti ya watu wawili. Viatu vya kelele acha, ngazi za ukumbini ni gizani na kila hatua inasikika.

Wenye miwani, kama muvi ni ya 3D utavaa miwani juu ya miwani, itabana pua na nyuma ya sikio, jaribu pale pale unapopewa, ikibana omba nyingine kabla hujaingia. Kama una uchaguzi chukua ya kawaida tu.

Chaji ya simu hakikisha imejaa kabla hujaingia. Ile asilimia kumi na tano unayoingia nayo ndiyo utakayokuwa unaitafutia gari saa sita usiku.

Saba: kufika

Fika nusu saa kabla. Nenda chooni hata kama hujisikii, ndo ununue bisi, ndo uingie. Ukinunua soda kubwa kabisa elewa umenunua na safari ya chooni katikati ya muvi. Na kabla hujapita mlangoni muulize anayekata tiketi swali moja, "muvi ikiisha tunatokea wapi?" Umuhimu wake utauona mbele.

Nane: ndani ya giza

Simu. Naomba nilielezee hili kwa kirefu maana linaniuma. Macho ya binadamu yanachukua muda kuzoea giza, ukikaa dakika ishirini mpaka thelathini ndo yanafunguka kabisa, hapo unaona vitu vya kwenye vivuli, uso wa mtu ulioko nusu gizani. Mtu wa mbele yako akiwasha simu kusoma meseji, sekunde tatu tu, macho ya walio nyuma yake yanavurugika. Yeye kaona meseji, sisi tumepoteza kile ambacho mpiga picha alikihangaikia. Weka sailensi, mwanga punguza mpaka mwisho, igeuze uso chini. Kama una mgonjwa nyumbani au mtoto umemwacha, kaa pembeni ya njia, ikitetemeka toka nayo nje, hakuna atakayekulaumu.

Sasa kelele. Hapa nina msimamo wangu na sio kila mtu atakubali. Kuna kelele mbili. Kuna ya mtu aliyeko ndani ya muvi na kuna ya mtu aliyeko nje ya muvi.

Nilimpeleka shangazi yangu sinema, ana miaka sitini na kitu, mara ya mwisho kuangalia kwenye skrini kubwa ilikuwa ile Drive-in ya Msasani, ile iliyofunguliwa 1966, ambayo eneo lake leo kuna ubalozi wa Marekani. Alikuwa binti mdogo, walikuwa wanapakiwa nyuma ya pikapu ya mjomba wake na mkeka na sambusa. Kwa hiyo yeye sinema anaijua kwa namna ile, ya watu wengi, ya kuongea. Tumekaa, nimemweleza hadithi nje kama nilivyosema, muvi imeanza, tumefika sehemu mtoto kajificha chumbani na muuaji kasimama nyuma ya pazia. Shangazi akainuka nusu, kitenge kimemdondoka magotini, akasema kwa sauti yake yote, "We mtoto, toka humo! Yuko nyuma ya pazia!"

Mimi moyo ukanilipuka, nikamshika mkono. Kimya kama sekunde mbili. Halafu nyuma kabisa kijana mmoja akajibu, "Mwambie tena bibi, sisi hatusikii!" Ukumbi mzima ukacheka, na baada ya kicheko pakawa na utulivu wa ajabu, kama vile watu wote tumesogeleana. Yule mtoto alipochomoka dirishani makofi yalipigwa. Shangazi akakaa, akavuta kitenge chake, akaniambia taratibu "angenisikiliza mapema." Watu wawili walikuja kumwamkia tulipotoka.

Hiyo ni kelele ya mtu aliyeko ndani ya muvi. Hainisumbui, tena wazee wetu ndivyo walivyoangalia sinema miaka yote. Ya pili ni ya yule anayehadithia mipango ya send-off, anayejibu simu "niko sinema, sema tu", anayemwambia mwenzake kila kitu kabla hakijatokea kwa sababu yeye kashaiona. Huyo hayuko na sisi. Mgeukie mara moja, kwa upole, "kaka, tunaomba utusaidie kidogo," ukiwa unatabasamu hata kama haonekani vizuri, sauti inasikika kama mtu anatabasamu. Asiposikia mara ya pili usirudie, nenda kwa mhudumu, ndo kazi yake.

Mtoto akilia, mzazi tayari ana aibu ya kutosha, usigeuke kumkazia macho. Na wewe mzazi, usimnyamazishe pale pale kwa dakika kumi, toka naye hadi kwenye korido, mweleze jirani yako aiangalie siti, rudi akitulia. Utamuuliza mtu umekosa nini.

Ukitoka kwenda chooni, kabla hujainuka angalia namba ya ukumbi kwenye tiketi. Kumbi zinafanana milango. Nimeshaingia wa jirani nikakaa karibu dakika moja nashangaa mbona wamehamia baharini. Hesabu ngazi unaposhuka, utazihesabu unaporudi, na usiwashe tochi ya simu ukaielekeza juu, ielekeze kwenye kiatu chako.

Tisa: umeme ukikatika au mashine ikigoma

Inatokea. Siku moja muvi imefika pale mtu kapiga hodi, mlango ndo unafunguka, giza. Jenereta liliwasha taa za ngazi haraka tu, lakini mashine ya kuonyeshea haiwaki kama balbu ya nyumbani, ina taa yake kubwa na kompyuta yake, vyote vinaanza upya, kwa hiyo dakika kadhaa zinapita. Usikimbilie ngazi. Kaa, watoto washike mkono, vinywaji weka chini. Mtu mmoja tu kwenye kundi lenu aende kuuliza.

Siku hiyo jamaa mmoja wa mbele akasema kwa sauti "mimi nasema anayepiga hodi ni baba yake," na mama mmoja upande wa pili akakataa kabisa, akatoa sababu tatu, ikawa mjadala wa ukumbi mzima gizani, watu hatujuani hata sura. Muvi iliporudi na mlango ukafunguka, yule mama ndo alikuwa sahihi na tulimpigia makofi. Sikumbuki vizuri muvi yenyewe ilivyoisha.

Ikirudi angalia kama imeruka sehemu. Ikiwa imeruka, mhudumu aambiwe mapema arudishe nyuma, mapema maana ikishaenda mbali inakuwa shida kuirudisha. Isiporudi kabisa, nenda dirishani na kipande cha tiketi, omba tiketi ya siku nyingine au hela yako, ongea na msimamizi sio na kijana wa bisi. Ndo maana kipande cha tiketi hakitupwi mpaka umefika nyumbani.

Kumi: kutoka

Majina yakianza kupanda usikurupuke. Siku hizi muvi nyingi zinaficha kipande kidogo mwishoni kabisa, na hata zisipoficha, dakika mbili za kukaa zinakupa nafasi ya kupapasa siti. Simu, pochi, funguo, miwani. Simu ikiwa mfukoni mwa suruali huwa inateleza taratibu inaingia katikati ya siti na hutaisikia. Mmoja wenu abaki nyuma na kuangalia mstari wote. Hili fanyeni kila mara, hata mkiwa na uhakika.

Sasa lile swali la tunatokea wapi. Maduka yanafungwa mapema, ukumbi unaendelea. Tulitoka siku moja saa sita na robo kwenye jengo ambalo ngazi za umeme zimezimwa, mageti ya chuma yameshushwa kila duka, njia tuliyoingilia imefungwa kwa kufuli. Tukazunguka korido, sauti za viatu vyetu tu, sisi na familia moja yenye watoto wawili wamelala mabegani. Mlinzi akatokea na tochi, mzee wa makamo, tukamwamkia, akatuambia "nifuateni wanangu," akatupitisha njia ya magari ya chini mpaka nje. Alisema kila usiku anazunguka kutafuta waliopotea. Ndo maana nakwambia uliza unapoingia. Na mlinzi wa namna hiyo mshukuru, kama una buku la soda mpe, kazi yake ya usiku ni ngumu.

Ukifika nje joto litakupiga usoni, miwani itajaa ukungu, macho yatahangaika na taa za magari. Usianze kuvuka barabara wala kuendesha hapo hapo, simama dakika mbili, futa miwani. Gari la apu liagize ukiwa bado ndani penye mwanga, sio ukiwa umesimama barabarani na simu inang'aa usoni. Namba ya gari ilingane na ya kwenye simu, muulize dereva amekuja kumchukua nani, usimtajie wewe jina lako. Bajaji kubaliana bei kabla hujapanda, na kama kuna mlinzi au bajaji za kijiwe cha pale pale chukua hizo, wanajuana. Mkiwa wengi gari moja likipita sehemu tatu ni salama kuliko boda tatu. Anayekaa mbali zaidi asiachwe ashuke wa mwisho peke yake kama kuna namna nyingine, zungusheni njia.

Ndani ya gari usianze na "umeionaje?" mtu hajapumua. Muvi nzuri mtu anatoka nayo kifuani, mwache akae nayo kimya mpaka aseme mwenyewe. Wakati mwingine mnafika mpaka Makongo hakuna aliyeongea, halafu mmoja anasema "lakini yule mama jamani", hapo ndo mazungumzo yanaanza na mnaweza mkasimama kwenye kijiwe cha chipsi mkamaliza nayo nusu saa.

Kama ni wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu la kule Zanzibar, na mnaangalia pale Ngome Kongwe, mambo yanabadilika kidogo: ni chini ya nyota, mnakaa kwenye ngazi za mawe, kwa hiyo khanga ya kukunja ukalie ni lazima, upepo wa bahari upo, na ukimaliza mnatembea kwa miguu vichochoroni mpaka Forodhani. Sehemu ya usafiri ruka, mengine yote yabaki.

Mwisho: geti

Funguo ya geti beba mwenyewe, usimwamshe mtu saa saba usiku. Kama lazima ufunguliwe, mwambie toka jioni utarudi saa ngapi na ukichelewa hata robo saa mpigie. Kabla hujashuka kwenye gari hakikisha geti linafunguka, na dereva mwombe amulike taa mpaka umeingia, wengi wanakubali ukiwaomba vizuri.

Halafu ingia kwenye grupu, andika "nimefika." Kila mtu aandike. Na usilale mpaka yule wa Tegeta ameandika.